Kura zetu IMF zina uzito gani?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi mkulima wa karafuu. Barazani kwetu wenzangu wanashikilia kuwa ndani ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kila nchi ina kura sawa. Kweli? – Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Si kweli, na jambo hili linanichoma. Kura hufuata hisa, yaani mchango wa fedha wa kila nchi katika shirika, na hisa hutegemea zaidi ukubwa wa uchumi. Marekani peke yake ina takriban asilimia 16.5 ya kura. Kugawa upya hisa hizo kunahitaji asilimia 85 ya kura zote, kwa hiyo Marekani ikikataa, basi tena. Misingi hiyo iliwekwa kwenye mkutano wa Bretton Woods, Marekani, mwaka 1944, Unguja na Pemba zikiwa bado chini ya Waingereza!

Novemba 2024 Afrika kusini mwa Sahara ilipata kiti cha tatu katika bodi ya wakurugenzi 25. Nilifurahi, ila kiti hicho hakikutuongezea kura.

Labda wenzako walikusudia Shirika la Biashara Duniani. Huko kila nchi ina kura moja, lakini tangu Desemba 2019 chombo chake cha rufaa kimekwama kwa sababu Marekani imezuia uteuzi wa majaji.