Mdau wa Sakina, Arusha, huyo fundi asikutolee hiyo soketi!

Wewe unayesema soketi yenye kitufe cha test jikoni inajikata kila asubuhi na fundi anakuja kesho kukuwekea ya kawaida, mpigie sasa hivi mwambie umesafiri. Umefiwa. Chochote.

Mimi niko Pasua hapa Moshi, nilikuwa na soketi kama hiyo nikapata fundi wa hivyohivyo. Testa mfukoni, kujiamini kibao, "bosi hizi ni za Wazungu, umeme wetu unacheza sana, zinajikata ovyo". Akaitoa akafunga ya kawaida, akala hela yake na soda nikampa juu. Kwa kweli haikujikata tena hahaha.

Kesho yake asubuhi, lile baridi la Julai, dada wa kazi kachemsha maji ya kuoga na hita ya kuchovya kwenye ndoo, katia mkono aone kama yamepata moto. Nilisikia ndoo tu inabamiza sakafu. Mkono ulikufa ganzi mpaka mchana, tukakimbilia hospitali akapimwa moyo, bili usiniulize, na maneno ya mama yake kutoka Rombo ndo usiniulize kabisa. Hita nilipoigeuza, pale shingoni kuna kaufa kembamba kameota chumvi nyeupe. Kumbe umeme ulikuwa unavuja siku zote na soketi ndo ilikuwa inatukinga, sisi tunaitukana. Na yule fundi simu zangu hapokei mpaka leo.

Kile kidude cha ndani ya hiyo soketi kinalinganisha umeme unaoenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, zikipishana kidogo tu (soketi nyingi za hivyo ni milliampia 30) maana yake umeme unavuja, kinakata kabla nusu sekunde haijaisha. Breka yako ya ampia 32 itakuangalia tu unavyotetemeka, kwake huo sio mzigo.

Kwa hiyo haitolewi mpaka ujue kinachovuja. Chomoa kila kitu, sijasema zima swichi, CHOMOA, maana swichi nyingi zinakata laivu peke yake, nyutro inabaki imeshika. Iwashe tena hiyo soketi, halafu chomeka kimoja kimoja, kitakachoikata ndo mchawi, hakirudi jikoni. Ikikata ikiwa tupu basi huenda ni unyevu, waya za ukutani au soketi yenyewe, hapo tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), sio huyo wa kesho.

Uliuliza na bei ya soketi, sikumbuki, mpya niliinunua kwa hasira. Ila umesema inakata asubuhi, basi anza na jagi la umeme na hita.