Maswali ya Wasafiri: Unguja Kila Kitu Kina Saa Yake

Shule zinakaribia kufungwa, na barua za wiki hii karibu zote zinauliza Unguja: kula wapi, kufanya nini. Nimechagua zile zinazogusa jambo ninaloliandika kila msimu na bado halijaingia. Unguja kila kitu kina saa yake. Bahari ina saa yake, supu ina saa yake, urojo nao hivyohivyo. Anayekuja na ratiba ya kwao ndiye anayerudi akilalamika.

Tulichukua chumba kinachotazama bahari kule Jambiani. Tumeamka, tumekunywa chai, tumevaa nguo za kuogelea, tunatoka nje bahari hakuna. Ni mchanga mtupu mpaka kule mbali. Mwenye nyumba hakutakiwa kutuambia? (Familia ya watu watano, Dodoma)

Alitakiwa. Wengi hawasemi kwa kuogopa kumpoteza mteja, na hilo ni kosa. Lakini nanyi mlipouliza bei mngeuliza na maji.

Pwani yote ya mashariki, tangu Makunduchi, Jambiani, Paje na Bwejuu mpaka Matemwe, ina maji mafupi ndani ya mwamba. Maji yakipwa, mchanga unaonekana mpaka kule mawimbi yanakovunjikia. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti yake hufika mita 4 hivi. Siku za bamvua maji hukauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi, ndiyo saa ileile mgeni amemaliza chai. Saa kumi jioni yamesharudi, yamejaa tele. Ukiwa nusu mwezi ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Kila siku saa ya maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani huhitaji kumuuliza mtu: siku mbili tatu kuzunguka tarehe 1 na tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu, hesabu bamvua.

Anayetaka kuogelea saa yoyote aende Kendwa au Nungwi. Kule kaskazini maji hayaendi mbali. Lakini ningekuwa nyinyi ningebaki Jambiani, nikayafuata maji yalikokwenda. Saa nne hiyo mliyoilalamikia ndiyo saa wanawake wanashuka kwenye mwani. Wanainama maji yakiwa chini ya goti, wanafunga vipande kimoja kimoja kwenye kamba iliyovutwa baina ya vigingi viwili, na vidole vyao vimekwajuka kwa chumvi. Kazi hii ilianza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani wa bei nzuri ni cottonii, nao ndio unaokufa maji yakizidi joto, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosum wa bei ndogo. Mkipita toeni salamu kwanza, msikanyage kamba, wala msimpige picha mtu aliyeinama bila kumwomba. Na mvae viatu. Kule mwambani kuna vile viumbe vyeusi vya miba mirefu. Mwiba wake ukikatikia mguuni, likizo yote imekwisha.

Chakula cha usiku kwenye bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, ni salama? Mara ya mwisho tuliugua wote wawili. (Mume na mke, Nairobi)

Mlikula nini? Hamkusema, na hapo ndipo penye jibu. Nadhani ni vile vijiti vya kamba, kaa na samaki vilivyopangwa mezani tangu jua halijatua. Vingi vimeshapikwa mapema, vinangoja mnunuzi, kisha vinarudishwa motoni kupashwa. Ukifika saa tatu usiku hujui kimekaa hapo tangu saa ngapi, na aliyekuuzia hatakwambia.

Forodhani nendeni mara baada ya magharibi. Simameni kwanza, mtazame wenyeji wanakula nini. Wanakula mishkaki inayotoka motoni sasa hivi na wanakunywa maji ya miwa yanayokamuliwa mbele yao kwa ndimu na tangawizi. Wanakula pia ile Zanzibar piza, ambayo inafaa muitazame inavyotengenezwa. Donge la unga linapigwa kwa kiganja mpaka linakuwa jembamba kama karatasi. Katikati inatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na pilipili hoho, yai linapasuliwa juu yake, pembe nne zinakunjwa, kisha linalazwa kwenye chuma chenye samli. Kitu kilichopikwa tangu kibichi mbele ya macho yako hakina wasiwasi.

Ulizeni bei kabla ya kukaa, na muulize kwa kila kijiti, si kwa sahani. Papasi, yaani dalali wa wageni, akiwashika mkono kuwapeleka meza fulani, jueni kamisheni yake imo ndani ya bei yenu.

Nilikula urojo hotelini saa nne usiku nikaona ni uji mchachu tu. Watu wanasifu nini? (Kijana, Mwanza)

Urojo saa nne usiku! Urojo ni chakula cha alasiri, mwanangu. Kuanzia saa kumi hivi, watoto wametoka madrasa, jua limepoa, ndipo masufuria yanapotoka kwenye vibaraza vya Vuga, Mkunazini na Ng'ambo. Wa usiku ni mabaki yaliyoongezwa maji.

Ule rojo wenyewe ni unga wa ngano, binzari ya manjano, embe mbichi na ndimu. Ndiyo, ni mchachu, na unatakiwa kuwa mchachu, kwa sababu vinavyoingia ndani ni vizito: viazi vya kuchemsha, bajia za dengu, kachori, mishkaki iliyochomolewa kijitini, yai. Juu yake chatne ya nazi, pilipili kwa kadiri yako, na mwisho kabisa konzi ya chipsi nyembamba za muhogo. Hizo chipsi ndizo zinazotofautisha urojo mzuri na mbaya. Zikitiwa mapema zimelowa, umekosa nusu ya utamu. Mwambie mama anayeuza akutilie mwisho, kisha ule palepale umesimama. Usichukue kwenye mfuko kwenda nao chumbani.

Wapi? Palipo na foleni ya wanafunzi na makarani. Sitataja kibaraza kimoja, maana nikikitaja mwezi huu, mwezi ujao bei imepanda na watoto wa mtaa hawakiwezi tena.

Lini ni wakati mzuri wa kuja?

Nimelijibu mara nyingi, na wiki hii limekuja tena kutoka kwa watu saba. Masika ni Machi mwishoni hadi Mei: mvua, na hoteli nyingine hufungwa. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kusi, upepo wa kusini, kukavu, kwenye ubaridi kidogo, na upepo ni mkali upande wa mashariki. Kaskazi, upepo wa kaskazini, Desemba hadi Februari, joto kali na embe tele. Chagua.

Mwanangu anataka kuogelea na pomboo Kizimkazi. Shilingi ngapi? (Mama, Arusha)

Dada yangu, bei utaipata kwa mwenye boti. Mimi naomba usiende kwa namna hiyo. Nimeona kwa macho yangu: boti kumi zimelizunguka kundi moja, mashine zinanguruma, watu wanaambiwa "rukeni, rukeni", na pomboo na watoto wao wanazama kukimbia. Wakiibuka mita mia mbele, boti zinawakimbilia tena. Yule ni mnyama anayepumua hewa kama sisi, na asubuhi ndipo anapotaka kupumzika na kunyonyesha. Tafuta nahodha atakayekubali kuzima mashine mbali na kungoja. Wakija wenyewe, mwanao atawaona vizuri zaidi ya yule aliyerukishwa. Wasipokuja, basi.

Ukishafika Kizimkazi usigeuze gari kabla ya kwenda Dimbani. Pale pana msikiti wenye maandishi ya Kikufi kwenye kibla, na tarehe iliyochongwa ni mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Watu wanapita hatua chache kutoka mlangoni, wamelowa maji ya bahari, hawajui wamepita nini. Omba ruhusa kwa anayeutunza, vaa inavyostahili, na utoe chochote kwa ajili ya msikiti.

Na kwa kuwa umetaja mtoto: ile picha ya kunyanyua kiti cha pweza (nyota ya bahari) juu ya maji, ambayo mabaharia wanaipenda kule Mnemba na Nungwi, muonye mwanao mapema. Kile kiumbe kinaishi, na kikitolewa majini kinaumia. Kama anataka mnyama wa kumkaribia, mpelekeni kisiwa cha Changuu. Kobe wakubwa wa pale walianzia na wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na mtoto anaweza kumlisha majani bila kumdhuru.

Tumelipia hoteli yenye kila kitu ndani, chakula na vinywaji. Bado kuna haja ya kutoka?

Ipo. Mmelipia kuiona Unguja, na chakula cha hoteli hiyo mngekipata mji wowote wenye hoteli. Na fedha zenu zikiingia getini pale, muuza samaki wa kijiji cha nje haoni hata senti.

Ni nguo gani za kuvaa Mji Mkongwe?

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Nguo za ufukweni zibaki ufukweni. Hapa watu wanaishi, wanasali, wanazika maiti zao.

Ramadhani imeangukia likizo yangu. Niahirishe? (Mfanyakazi wa benki, Kampala)

Usiahirishe. Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo itaigusa likizo ya kila mtu siku moja. Mchana migahawa ya mitaani imefungwa. Utakula hotelini, na maji yako utayanywa faraghani, si barabarani. Hilo ni suala la heshima na sina la kuongeza.

Lakini ngoja saa kumi na moja jioni uende soko la Darajani. Hapo utaona chakula cha kisiwa hiki kuliko mwezi mwingine wowote: mkate wa kumimina ukiwa bado moto, kaimati zinazong'aa shira, sambusa, tambi za nazi, uji wa pilipili manga, muhogo na magimbi yaliyopikwa kwa tui zito. Kisha adhana inaadhiniwa, mji wote unanyamaza. Barabara ambayo dakika tano nyuma huwezi kuivuka inabaki na paka. Ukialikwa futari usikatae kwa aibu. Nenda na tende au matunda ya kuwapa wenyeji wako, ule taratibu.

Ninunue viungo wapi? Nimeambiwa zafarani ya Zanzibar ni rahisi sana. (Msomaji, Muscat)

Ni rahisi kwa sababu si zafarani. Zafarani hailimwi hapa. Karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga na kungumanga ndivyo vya kwetu, na karafuu nyingi hutoka Pemba. Nunua Darajani, ndani sokoni, asubuhi. Chukua vizima, si vya unga, na vya kupimwa kwenye mzani, si vile vilivyopambwa kwenye vikapu vidogo vya mnazi. Karafuu ibonyeze kwa kucha: ikitoa mafuta bado ni nzuri. Makome makubwa na vitu vya gamba la kasa uviache, hata ukiambiwa vimeokotwa.

Nina siku moja tu. Ninakuja kwa boti ya asubuhi kutoka Dar na kurudi ya alasiri. Nitawahi Nungwi na Jozani na Changuu? (Mwalimu, Morogoro)

Hutawahi, mwalimu, na aliyekuuzia mpango huo anajua. Utaona kioo cha gari. Kaa mjini.

Ukishuka bandarini Malindi usiwasikilize papasi, tembea moja kwa moja mpaka Darajani. Soko lile lipo tangu 1904, na asubuhi ndiyo saa yake: mnada wa samaki, changu na jodari sakafuni, sauti juu ya sauti. Kunywa supu hapo jirani, ya pweza ukiipata, kwa chapati. Saa nne nenda Mkunazini kwenye Kanisa la Kristo, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Ingia kwenye vile vyumba vya chini. Vina dari fupi hata mtu mzima hasimami wima. Usiende haraka hapo, na usipige picha ukicheka.

Beit el Ajaib, jumba la kale la sultani, itazame kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na mafundi wawili walifariki. Ngome Kongwe iko pembeni yake.

Saa sita Lukmaan, Mkunazini, kabla ya watu wa ofisini hawajatoka. Chagua kwa kuonyesha kidole: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha. Ukishiba, tembea taratibu hadi Jaws Corner, kaa barazani, toa salamu, uagize kahawa chungu. Kikombe ni kidogo, nayo huja na kashata. Wazee watakuuliza umetoka wapi. Wajibu, uwaulize na wewe, ukitazama saa ya boti.