Kompyuta ya zamani imekuwa nzito: okoa picha kwanza, na programu ya kusafisha usiinunue

Swali: Ndugu mtaalamu, tuna kompyuta ya mezani ya mwaka 2013 inayotumiwa na familia nzima. Ina RAM ya GB 4, diski kuu ya kuzunguka ya GB 500, na Windows 10. Kwa miezi michache sasa inachukua dakika kumi au zaidi kuwa tayari baada ya kuwashwa, taa ya diski haizimiki, na mara nyingine kila kitu kinaganda kwa nusu dakika kisha kinaendelea. Nimefuta video nyingi na baadhi ya picha mpaka nusu ya diski ikawa wazi, lakini sijaona nafuu. Nimepakua programu ya kusafisha kompyuta, nayo inasema imekuta makosa 1,347 na kwamba nilipie toleo kamili ili iyarekebishe. Fundi mmoja ananishauri nifute kila kitu na kuweka Windows upya. Je, ninunue programu hiyo, au nimsikilize fundi? Picha zetu za miaka mingi zimo humo tu.

Jibu: Usinunue programu hiyo, na kwa sasa usimruhusu mtu yeyote afute chochote katika diski hiyo. Katika maelezo yako yote, sentensi iliyonishtua ni ile ya mwisho. Diski ya kuzunguka yenye umri huo, ambayo kompyuta yake huganda kwa nusu dakika kisha ikaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea, inapaswa kushukiwa kuwa inakufa. Sehemu ya uso wa diski inapoanza kuharibika, diski haitoi taarifa mara moja. Hurudia kuisoma sehemu hiyo tena na tena, ikitarajia kwamba safari moja itafaulu, na wakati wote huo Windows na programu zote zilizo wazi husimama kuisubiri. Wewe unayetazama kioo unaona uzito tu, lakini unachokiona huenda ni diski inayopigania kusoma picha zako.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kunakili. Tafuta diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha, unakili picha kwanza, kisha hati, kisha chochote kingine ambacho huwezi kukipata tena mahali popote. Programu ziache, kwa kuwa zinapatikana upya. Nakili folda moja moja badala ya diski nzima kwa mkupuo, ili faili moja mbovu isikwamishe nyingine zote. Ikiwa Windows inaganda mno kiasi cha kukuzuia, washa kompyuta kwa flashi iliyowekewa Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, kwa mfano Linux Mint, ambayo huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa; hapo diski itabaki na kazi moja tu ya kutoa faili zako, bila kubebeshwa pia mzigo wa mfumo endeshi. Kabla ya kumaliza kunakili usipange diski upya kwa programu za kudefragi, wala usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, yenye alama ya /r, kwa sababu kazi hizo huilazimisha diski dhaifu kusoma na kuandika kwa muda mrefu, na zimewahi kuwa pigo la mwisho kwa diski nyingi ambazo zingeweza kuokolewa. Kama diski inatoa mlio wa kugonga, zima kompyuta na umpelekee mtu anayefanya kazi ya kuokoa data. Na kama kati ya picha ulizofuta ziko unazozijutia, usiandike kitu kipya katika diski hiyo, maana faili iliyofutwa kwenye diski ya kuzunguka mara nyingi hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake.

Nakala zikishakuwa salama, ndipo upime. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha utazame safu za CPU, Memory na Disk wakati kompyuta inapokuwa nzito. Ukikuta Disk iko asilimia 100 huku kasi ya kusoma ikiwa chini ya MB 1 kwa sekunde, na muda wa kujibu ukihesabiwa kwa mamia au maelfu ya milisekunde, shaka yangu inaongezeka nguvu. Fungua pia Event Viewer, uangalie katika kumbukumbu za mfumo kama kuna matukio ya chanzo kinachoitwa disk yenye namba 7 au 153. La kwanza ni taarifa ya sehemu mbovu, la pili ni taarifa ya ombi lililobidi kurudiwa. Kisha soma taarifa za SMART, yaani rekodi ambayo diski yenyewe hujiwekea kuhusu afya yake. Programu ya CrystalDiskInfo huzionyesha bila malipo. Mistari ya 05 na C5 ikiwa na thamani ghafi isiyo sifuri, badilisha diski. Mstari wa C7, unaohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, ukiendelea kupanda, jaribu kwanza kubadilisha waya wa SATA, yaani ule unaoiunganisha diski na kompyuta, kwa kuwa mara nyingi kasoro hiyo huwa ya waya na si ya diski. Hata hivyo SMART safi si hati ya uzima: utafiti uliochapishwa na wahandisi wa Google mwaka 2007 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya diski zao zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu za SMART.

Yawezekana pia diski yako ikawa nzima, na bado kompyuta ikawa nzito. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 8.3, hivyo kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri nusu ya muda huo, baada ya kutumia milisekunde nyingine tisa hivi kufika kwenye njia inayotakiwa. Jumla ni milisekunde 13, maana yake diski hiyo inaweza kutimiza maombi yaliyotawanyika yasiyozidi 80 hivi kwa sekunde, na hakuna programu duniani itakayoifanya izunguke haraka zaidi. Windows 10, kwa masasisho yake, ukaguzi wa virusi na kuorodhesha faili, hutuma maombi ya aina hiyo kwa maelfu mara tu inapowashwa. SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka. Hujibu kwa muda wa karibu sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na hata ile ya kawaida ya SATA hutimiza makumi ya maelfu ya maombi kwa sekunde. Kompyuta ya mezani ya 2013 huipokea SSD ya SATA kwa waya zilezile zilizokuwa za diski ya zamani. Kama kuna jambo moja la kulilipia katika kompyuta hiyo, ni hilo.

Kuhusu RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizo wazi, GB 4 ni kidogo kwa vivinjari vya leo. Ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na hapo diski iliyokwisha kuelemewa hubebeshwa mzigo wa pili. Kompyuta ya wakati huo kwa kawaida hutumia RAM ya aina ya DDR3, na ya DDR4 haiingii, kwa hiyo hakikisha aina kabla ya kununua. Hakikisha pia kwamba Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiiwekea nane. Zima programu zinazojiwasha zenyewe, kupitia sehemu ya Startup katika Task Manager, na uondoe antivirusi ya pili kama zipo mbili. Kama feni inanguruma, puliza vumbi, kwa kuwa prosesa iliyopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Fundi aliyekushauri uweke Windows upya si mwongo, lakini amekosea mpangilio wa kazi. Mfumo mpya katika diski ileile huonekana mwepesi kwa majuma kadhaa, kwa kuwa programu za kujiwasha hazijarudi, na baadaye hali hujirudia. Nayo diski ikiwa mbovu, atakuwa ameiandikia upya juu ya mahali palepale palipoharibika na kufuta picha zenu. Kupiga Windows upya kunafaa siku utakapoweka SSD. Fahamu pia kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba kompyuta ya 2013 haitimizi masharti ya Windows 11, kwa hiyo Linux Mint inastahili kufikiriwa kwa uzito.

Sasa nirudi kwenye makosa yako 1,347, kwa sababu hili ndilo linalonikera kuliko mengine yote katika kazi hii. Watu wengi wameaminishwa kwamba kompyuta huwa nzito kwa sababu imechafuka, na kwamba kuna takataka humo ndani ambazo zikiondolewa kasi ya siku ya kwanza itarudi. Wewe mwenyewe umejaribu jambo hilo: umeacha nusu ya diski wazi na hukuona nafuu. Diski iliyojaa pomoni huathiri kasi kweli, lakini ikishakuwa na nafasi ya asilimia 15 au 20, kuendelea kufuta hakuongezi kitu. Faili iliyolala katika diski bila kufunguliwa haili prosesa wala RAM. Picha za miaka kumi iliyopita hazina hatia yoyote.

Makosa yanayohesabiwa na programu hizo kwa sehemu kubwa hutoka katika rejistri ya Windows, ambayo ni hazina ya mipangilio yenye mamia ya maelfu ya vipengele. Programu ya kusafisha huokota kipengele kinachoelekeza kwenye faili isiyokuwepo tena, ikakiita kosa, na kuongeza hesabu. Windows haisomi rejistri yote kuanzia mwanzo hadi mwisho kila inapotaka kitu. Huenda moja kwa moja kwenye kipengele inachokihitaji, na kwa hiyo kuondoa elfu moja visivyoguswa na mtu hakupunguzi muda unaoweza kupimika. Kinachoweza kutokea ni kuondolewa kipengele ambacho kilikuwa bado kinahitajika. Microsoft yenyewe imetangaza kwamba haiungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejistri, na imeonya kwamba zinaweza kuleta madhara yanayolazimisha kuweka Windows upya. Ziko nyingine zinazofuta folda ya Prefetch, ambayo Windows imeitengeneza makusudi ili programu zifunguke haraka, na ziko zinazodai kuachia RAM, huku zinachokifanya ni kuzisukuma kazi zilizokuwa katika RAM ziende kwenye diski, ambako italazimika kuzirudisha moja baada ya nyingine. Namba ya RAM iliyo wazi hupanda, mtumiaji hufurahi, na kompyuta huwa nzito zaidi.

Wala si suala la programu za watu wasiojulikana peke yao. Mwezi Machi 2019 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni za Office Depot na Support.com zingelipa jumla ya dola milioni 35 ili kumaliza shauri la madai kwamba wateja walipotoshwa kwa ukaguzi wa kompyuta. Kwa mujibu wa tume hiyo, mwanzoni mwa ukaguzi mteja aliulizwa kama kompyuta yake imekuwa nzito, inaonyesha matangazo yanayojitokeza, ina maonyo ya virusi, au hujizima mara kwa mara. Akikubali lolote kati ya hayo, programu ilitoa matokeo ya kwamba kuna dalili za programu hasidi, bila kujali hali halisi ya kompyuta. Mtu alitajirisha wengine kwa kueleza shida yake kwa ukweli. Na mwaka 2017 CCleaner, programu ya kusafisha iliyokuwa mashuhuri kuliko zote, ilivamiwa na wahalifu waliopenyeza msimbo wao ndani ya toleo la 5.33, likapakuliwa katika kompyuta zaidi ya milioni mbili likiwa na saini halali ya mtengenezaji wake. Programu ya namna hiyo huomba ruhusa ya kugusa kila kona ya mfumo, na anayeipa ruhusa hiyo kwa ajili ya manufaa yasiyopimika anabeba hatari ambayo haina kinachoifidia.

Kwa hiyo iondoe hiyo uliyoipakua, kupitia orodha ya programu katika mipangilio ya Windows, na ukague orodha hiyo kwa tarehe ya kusakinishwa, kwa sababu mara nyingi huja na wenzake: kivinjari ambacho hukukiomba, au antivirusi ya majaribio. Ikikuonyesha onyo la mwisho kwamba kompyuta iko hatarini, endelea kuiondoa. Kama mtu yeyote katika familia alikwisha kuweka namba za kadi ya benki, wasilianeni na benki leo, kwa kuwa malipo ya programu hizi mara nyingi hujirudia kila mwaka. Na ikiwa kioo kitajaza onyo lenye namba ya simu ya kupiga, hata likiwa na nembo ya Microsoft, msiipige na msimruhusu yeyote aiendeshe kompyuta kutoka mbali; Microsoft haiweki namba za simu katika maonyo yake ya makosa. Zimeni kompyuta kwa kitufe chake, na mkiiwasha tena msikubali kivinjari kirejeshe kurasa zilizokuwa wazi.