Baba anaomba kurudi Nansio: je, tukimtoa hospitali tumemuua?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Baba yetu ni mvuvi wa dagaa, amelazwa hospitali ya Bugando, Mwanza, ana saratani ya ini. Madaktari wamesema tiba ya kuiondoa haipo tena, wamemwandikia mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, na kutushauri tumuuguze nyumbani. Mwenyewe anaomba arudi Nansio, kwetu kisiwani Ukerewe. Kaka yangu anasema tukimtoa tumemuua. Tuuze mtumbwi na injini apelekwe India. Ustadhi mmoja naye ametukataza mofini: ni kilevi, na maumivu yanamfutia baba madhambi. Usiku analia. Tufanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam binti yangu. Nianze na hayo maneno yako mawili, "usiku analia," maana mzee hana nafasi ya kungoja tumalize mengine. Mpeni dawa. Leo hii.

Hadithi kwamba Muislamu hapatwi na maradhi, hata mwiba ukimchoma, ila Allah humfutia makosa, ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Lakini ile ni bishara kwa mgonjwa. Haijampa mzima idhini ya kumnyima mwenzake dawa. Na aliyetuambia maneno hayo, Mtume (s.a.w.), ndiye aliyepigwa chuku, yaani kuumikwa damu, kichwani akiwa ndani ya ihramu kwa sababu ya kipandauso. Aliumwa, akatafuta nafuu. Je, hakujua kwamba maumivu yanafuta dhambi? Ustadhi akiumwa jino anakwenda kung'oa bila ganzi?

Niliwahi kukaa na mzee ambaye wanawe walimzuilia dawa kwa hoja hiyohiyo. Alikuwa ameuma shuka mpaka limetoboka. Nikimtamkia Laa ilaaha illa Llah, anafungua mdomo, inatoka sauti ya maumivu tu. Wale vijana walidhani wanamlindia baba yao akhera, na kumbe walimnyang'anya utulivu wa kulitaja jina la Mola wake. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Ama hoja ya kilevi, pombe kweli si dawa, na Mtume alikataza kujitibu kwayo. Lakini mofini anayoipima daktari kwa ajili ya maumivu haiingii humo. Imamu Nawawi, katika madhehebu yetu haya ya Shafi, amemzungumzia mtu anayekatwa mkono uliooza akahitaji dawa ya kumwondolea fahamu, na kauli aliyoipa nguvu ni kwamba inajuzu. Sembuse baba yako, anayetaka usingizi tu! Mpeni kwa saa alizoelekeza daktari, msingoje mpaka apige kelele. Kilicho haramu ni kumzidishia kipimo kwa nia ya kumaliza uhai wake.

Kaka yako simlaumu, anampenda baba yake. Ila neno "tumemuua" si la haki. Muuaji ni mwenye kutenda tendo la kuua, na hapa ugonjwa ndio unaofanya kazi yake kwa ajali, yaani mwisho wa uhai, aliyoiandika Allah. Wanavyuoni wengi hawakusema kwamba kujitibu ni wajibu katika kila hali, sembuse tiba ambayo madaktari wenyewe wamesema haipo. Katika maradhi yake ya mwisho Mtume aliashiria asitiliwe dawa mdomoni. Watu wa nyumbani wakasema, ni mgonjwa tu anachukia dawa, wakamtilia. Alipopata nafuu aliwakemea. Basi huyu wenu anayesema "nirudisheni" mbona hasikilizwi? Mmekaa vikao vingapi kumjadili, na yeye yuko macho wodini, akili yake timamu?

Mtumbwi ni mali yake, hauzwi na mtu mwingine akiwa hai. Muulizeni. Nakumbuka sahaba Saad bin Abi Waqqas, alipotaka kutoa sadaka mali yake nyingi akiwa mgonjwa, aliambiwa na Mtume: theluthi, na theluthi ni nyingi, kuwaacha warithi wako wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono. Mama yenu atakula nini mtumbwi ukishauzwa?

Kabla ya kupanda meli, muulizeni muuguzi namna ya kupima dawa, na mofini ikifunga choo mfanyeje. Mkifika, mwacheni aseme anadaiwa na nani, anamdai nani, mwaloni kwenye samaki na kwingineko, muandike mbele ya mashahidi. Aswali kwa kuketi, asipoweza kwa ubavu. Chakula msimlazimishe wala msimnyime. Akishindwa kumeza, mloanisheni midomo kwa pamba. Mtamkieni shahada kwa upole bila kumkariria akachoka.

Na kaka yako mpe kazi ya kukaa naye usiku, yeye na chupa ya dawa, awe ndiye anayempimia. Wallahu aalam.