Jibu: Ibada sikosi, lakini moyo umepoa

Bwana asifiwe, mpendwa. Unasema kwaya unaimba, ibada hukosi, ila maombi ya peke yako yamekufa na hujui yalianza kufifia lini.

Kagua kwanza asubuhi: ukiamka unashika Biblia au WhatsApp? Wengi hupoa hapo, na huduma kanisani hulificha pengo hilo miaka. Waefeso walisifiwa kwa bidii yao, bado wakaambiwa wakumbuke walikoanguka, watubu, wakayafanye matendo ya kwanza (Ufunuo 2:5). Usijipangie sura kumi kwa siku, utaacha mapema. Anza na Injili ya Marko, ina sura 16. Soma moja kila siku kabla ya kuwasha data, kisha omba kwa sauti ukitumia mstari mmoja wa hapo. Kama una zamu ya usiku, fanya ukiamka mchana. Na mwombe mzee wa kanisa mmoja akuulize kila Ijumaa umefikia sura gani.