Kabla hujamwita mtoto mtoro

Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na ushauri wangu kwa mwalimu mwenzangu ni huu: lisome vizuri daftari la mahudhurio kabla hujamwadhibu mtoto. Anayefanyishwa kazi haachi shule kwa siku moja. Anaanza kukosa siku za gulio, kisha msimu mzima wa mavuno, na akija anasinzia kuanzia kipindi cha kwanza. Huyo si mtoro, yuko kazini.

Mtazame na mikono. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akiponda kokoto. Kucha za mkono wake wa kushoto zilikuwa zimeviliwa damu, maana ndio mkono unaoshikilia jiwe nyundo ikishuka.

Wengi wetu hapo hukimbilia kumtishia mzazi polisi. Mimi nasema kaa naye kwanza, umuulize: hela anayoleta mtoto inafanya kazi gani hapa nyumbani? Mama wa yule mtoto alinijibu, "Mwalimu, nikimtoa kwenye mawe, deni la dukani atalilipa nani?" Usipolijibu swali hilo, mtoto atatoka kwenye mawe aende kufanya kazi za ndani kwa watu, ambako hutamwona kabisa. Kikwazo kikiwa sare au michango, kamati ya shule inaweza kukimaliza. Deni ni gumu zaidi, na linamhitaji ofisa ustawi wa jamii.

Kuosha vyombo au kusaidia palizi baada ya masomo ni malezi, sina ugomvi nayo. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1973, unaweka miaka 15 kuwa umri wa kuanza kazi, 14 kwa nchi ambazo uchumi wake bado mdogo, na 18 kwa kazi za hatari. Hata hivyo, ILO na UNICEF walikadiria kuwa mwaka 2024 watoto milioni 138 walikuwa kwenye ajira ya watoto, milioni 54 kati yao katika kazi za hatari. Wengi wako kwenye kilimo, tena mara nyingi anayewatumikisha ni familia yenyewe. Ndiyo maana nasisitiza mazungumzo.

Ila machimbo, viuatilifu na kazi za usiku havisubiri mazungumzo: toa taarifa siku hiyohiyo. Na mzazi aliyempeleka binti kufanya kazi za ndani, mwambie aende mwenyewe akamwone, wazungumze wawili tu, mwenye nyumba asiwepo.