Miche ya sehemu kavu, angalia mizizi kabla ya majani: yale nimejifunza hapa Kampi ya Moto

Wadogo zangu mnaoanza nasare ya miche mwaka huu, hasa nyinyi wa huku Rongai ya Nakuru, Mogotio mpaka Marigat, kabla hamjanunua hata tyubu moja (ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche) nataka mnisikilize. Mteja akija ataangalia majani. Wewe angalia mizizi.

Msimu wangu wa kwanza niliuzia shule moja ya msingi miche 400 ya mgunga (akasia). Ilikuwa mirefu, kijani kabisa, mingine imenifika magotini, walimu walifurahi na mimi nikafurahi, ikapandwa Aprili mvua ikiwa imekubali vizuri. Nikapita hapo Agosti nikakuta imebaki kama 30 hivi. Nikachimba mmoja uliokauka nione shida ni nini, na mzizi ulikuwa umejizungusha chini vile vile tyubu ilivyokuwa, kama waya imekunjwa, haukuwa umeshuka hata inchi mbili tangu siku ya kupandwa. Na hao watoto walikuwa wanabeba maji kwa chupa kutoka nyumbani kila asubuhi. Iliniuma sana, maanake watoto walifanya kazi yao na mimi sikufanya yangu. Msimu uliofuata niliwapelekea mingine bure.

Huku kwetu mvua ikiisha, udongo wa juu unakauka haraka na unyevu unabaki huko chini, sasa mche lazima uukimbilie. Ule umelelewa kwa kumwagiliwa asubuhi na jioni chini ya neti ya kivuli mpaka siku ya kuuzwa hauna mizizi ya hiyo kazi, na yale majani mengi ndio yanaumaliza kabisa kwa sababu yanapoteza maji kushinda yale mizizi inaweza kuvuta.

Kwa hivyo anza kuhesabu kutoka nyuma. Kama watu wanapanda Aprili na mgunga unataka miezi mitatu au minne hivi, mbegu iingie Novemba mwisho ama Disemba. Ukipanda Agosti eti uwe tayari mapema, miche itakaa sana kwa tyubu na ndio hapo mizizi inaanza kuzunguka.

Mbegu ya mgunga ina ganda gumu. Chemsha maji, toa kwa moto, mwaga mbegu ndani na uache zilale humo mpaka kesho yake. Zilizovimba panda, ambazo hazijavimba rudia, zenye vitundu tupa kwa sababu ziliingiliwa na wadudu. Ukiwa na jirani mfugaji muombe uokote mbegu kwa boma la mbuzi, mbuzi wanakula yale maganda na mbegu zinatoka na mavi zikiwa zimelainika tayari, huota vizuri sana. Mwarobaini nayo ni tofauti kabisa, mbegu yake haikai, wiki chache tu imekufa, usinunue ya mwaka jana hata ukipunguziwa bei. Mukau, ule mti wa mbao wa sehemu kavu, acha kwanza mpaka upate uzoefu, kuotesha kwake ni kazi ngumu, na ukifika hapo tafuta mbegu na mafunzo kwa watu wa KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu Kenya).

Udongo mimi nachanganya debe tatu za udongo wa juu, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyooza kabisa (mbichi itachoma miche, usiharakishe), halafu naongeza kidogo udongo wa chini ya mgunga mkubwa, kwa sababu una bakteria wale wa mizizi wanaosaidia mti kupata naitrojeni. Tyubu chukua ndefu, inchi 8 au 9, kwa sababu mgunga una mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja. Wakati wa kuhamisha kutoka kitaluni kwenda kwa tyubu shika jani, usishike shina, fanya jioni, na hakikisha mzizi umenyooka ndani ya shimo. Mzizi ukiingia umepinda hautajinyoosha baadaye.

Angalia maji yako pia. Visima vingi vya huku Bonde la Ufa vina chumvi, ukiona weupe weupe juu ya udongo wa tyubu jua ni hiyo, kinga maji ya paa uyawekee miche midogo.

Sasa hapa ndio watu hukosea. Mzizi ukianza kutokea chini ya tyubu, inua na ukate kwa wembe, kila wiki mbili tatu, mwagilia kabla na baada. Ukikata, inatoa mizizi mingi midogo ndani. Halafu wiki sita za mwisho anza kuizoesha ukali, toa neti pole pole, maji mara moja kwa siku, baadaye siku moja ndio moja hapana, mwisho kila siku ya tatu. Majani yakilegea saa saba na jioni yakarudi, uko sawa. Yasiporudi, umezidisha, mwagilia. Utaona ukuaji umesimama na roho itakuuma, utataka kushika mkebe wa maji, jizuie. Mche wa futi moja tu wenye shina gumu nene kama penseli ni bora kuliko ule wa magotini. Mteja akisema ni mifupi mtolee mmoja kwa tyubu umuonyeshe mizizi, mimi hufanya hivyo na wengi hunielewa.

Na tafadhali usichague mti kwa sababu tu haufi. Mathenge, ule mti wa miiba unaosambaa ovyo, ililetwa Baringo miaka ya 80 kwa sababu inavumilia ukame, na leo waulize wafugaji wa Marigat imekula malisho kiasi gani.

Ukiuza, mwambie mteja achimbe mashimo Februari, aweke tuta la nusu mwezi upande wa chini wa mteremko lizuie maji ya mvua, na siku ya kupanda atoe tyubu yote. Nimeona watu wakipasua chini tu wakaacha ile ya pembeni, na kazi yako yote ya kukata mizizi inaishia hapo.